Kipimo cha umeme wa ubongo: Karatasi ikisema 'safi', usitupe vidonge



Leo katika safu yetu ya afya tutazungumzia vipimo ambavyo watu wa huku kwetu Bagamoyo huviita kwa jina moja tu, "kipimo cha umeme". Mgonjwa huambiwa aende Dar es Salaam akapimwe umeme wa kichwa, au umeme wa mishipa, na mara nyingi huondoka bila kuelezwa kinachopimwa ni nini na majibu atakayokuja nayo yana maana gani. Kutoelezwa huko kuna madhara, na mimi ninayeandika makala haya nimo miongoni mwa waliowahi kuyasababisha.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa zamu katika chumba cha wagonjwa wa nje. Akaingia mama mmoja na kijana wake wa miaka kama 17, mvuvi. Kijana huyu alikuwa akianguka kifafa na alikwishaanzishiwa vidonge. Baadaye familia ikachangishana nauli na gharama, akapelekwa Dar es Salaam kupimwa. Mama alikuwa na furaha. Akaniambia, "Dokta, mwanangu hana kitu. Wamempima umeme wa kichwa, karatasi inasema safi." Nikaisoma ile karatasi, nikasema Alhamdulillah, nikamwita mgonjwa anayefuata. Sikumuuliza swali moja tu: je, vidonge anaendelea navyo?

Vidonge vilikuwa vimeachwa tangu siku ile waliporudi. Wiki chache baadaye kijana akashikwa na kifafa akiwa kwenye ngalawa, akaangukia majini. Wenzake walimwahi. Aliletwa hospitalini akiwa amekunywa maji mengi, akalazwa, na kwa rehema za Allah akapona. Mama yake aliponiona wodini hakunilaumu kwa sauti. Alisema tu, "Lakini Dokta, si na wewe ulisema Alhamdulillah?"

Kwa sababu ya swali hilo, naomba msomaji tufuatane hatua kwa hatua.

UMEME WA MWILI NI NINI?

Allah Subhaanahu wa Taala ameuumba mwili wa mwanadamu ukiwa na mawasiliano ya ajabu. Unapotaka kuinua mkono kusema takbira, ubongo hutoa amri. Amri hiyo hushuka kupitia uti wa mgongo, ikaingia katika neva, yaani mishipa ya fahamu, hadi kwenye msuli, na msuli ukajikunja. Amri hizi husafiri kwa njia ya chaji ndogo za umeme zinazotokana na chumvichumvi zilizomo mwilini kuingia na kutoka katika chembe hai.

Umeme huu ni mdogo sana. Betri moja ya tochi ina volti 1.5. Lakini ukiigawa volti moja katika sehemu milioni moja, umeme wa ubongo unaofika juu ya ngozi ya kichwa ni kama sehemu 10 hadi 100 tu kati ya hizo. Ndiyo maana mashine yake huukuza mara nyingi kabla ya kuuchora. Mtu wa kwanza kuurekodi kutoka kichwani mwa binadamu alikuwa daktari wa Ujerumani, Hans Berger, mwaka 1924 katika mji wa Jena, na akautangaza utafiti wake mwaka 1929.

Basi vipimo tunavyovizungumzia ni vya aina tatu: kipimo cha umeme wa ubongo, kipimo cha mwendo wa umeme katika neva, na kipimo cha umeme wa misuli.

KIPIMO CHA UBONGO (EEG)

Kipimo hiki hujulikana kwa herufi EEG, na huenda ukaziona katika fomu yako ya rufaa. Mgonjwa hulazwa au huketishwa kwa utulivu. Vidude vidogo vya chuma vipatavyo 20, kila kimoja na waya wake, hubandikwa kichwani kwa dawa nzito. Mashine huchora mawimbi kwa muda wa dakika 20 hadi 30 au zaidi. Utaambiwa ufumbe macho na ufumbue, upumue kwa nguvu kwa dakika kama tatu, na mbele yako itamulikwa taa ya kumetameta. Wakati mwingine utaachwa usinzie, kwani usingizi huweza kuibua mawimbi ambayo mtu akiwa macho hayaonekani.

Wengi huogopa wakidhani watapigwa shoti. Ondoa hofu hiyo. Katika EEG mashine haitii umeme mwilini. Inapokea tu, kama redio inavyopokea matangazo. Vilevile haisomi mawazo ya mtu wala siri zake.

Mwenye kifafa, mara nyingine hata asipokuwa ameanguka, ubongo wake hutoa cheche za ghafla, nazo huonekana kama ncha kali katikati ya mawimbi. Daktari akiziona humsaidia kujua ni kifafa cha aina gani na dawa ipi inafaa. Kwa mgonjwa aliyepoteza fahamu kipimo hiki kina faida nyingine. Katika hospitali ya Kilifi, pwani ya Kenya, watafiti waliwafuatilia watoto waliozimia kwa malaria ya ubongo. Walikuta baadhi yao walikuwa ndani ya degedege huku mwili umelala kimya. Dalili pekee ilikuwa kope inayopepesa, kidole kinachotikisika au mate yanayotoka. Aliyetazama angedhani mtoto amepumzika, kumbe ubongo wake ulikuwa unaungua.

MAJIBU 'SAFI' YANA MAANA GANI?

Hapa ndipo tulipokosea mimi na yule mama.

EEG huchora yale yaliyotokea katika nusu saa ile tu. Ni sawa na mtu aliyekuja pwani ya Dunda saa nne asubuhi, akakuta bahari shwari, akaandika kuwa Bagamoyo hakuna dhoruba. Hakusema uongo, lakini hakukaa usiku kucha. Miongoni mwa watu wenye kifafa cha kweli, EEG ya mara ya kwanza huonyesha alama za kifafa kwa karibu nusu yao tu. Ikirudiwa, na hasa ikifanywa mgonjwa akiwa usingizini, idadi huongezeka, lakini wapo ambao huwa safi kila wanapopimwa.

Pia kinyume chake kipo. Watu wachache ambao hawajaanguka hata siku moja hukutwa na mawimbi yasiyo ya kawaida. Hao hawapewi dawa ya kifafa kwa sababu ya karatasi peke yake.

Kwa hiyo kifafa hutambuliwa kwanza kwa maelezo ya yaliyotokea, na kipimo huja kuunga mkono. Karatasi ikisema safi, maana yake ni kwamba leo hatukuona cheche. Haina maana ya kwamba umepona, wala haikupi ruhusa ya kuacha dawa. Kuacha vidonge ghafla ni hatari kubwa, kwani kifafa kinaweza kurudi kwa nguvu na kufululiza bila mgonjwa kuzinduka. Dawa hupunguzwa polepole na kwa amri ya daktari, kwa kawaida baada ya mgonjwa kukaa miaka miwili au zaidi bila kuanguka.

Jambo jingine, EEG inaonyesha umeme, haionyeshi picha. Kovu la jeraha la kichwa, uvimbe, au vifuko vya minyoo ndani ya ubongo hutafutwa kwa CT skani au MRI. Na juu ya minyoo hiyo nataka nionye. Hutokana na mayai ya tegu wa nguruwe, na Muislamu anaweza kudhani amesalimika kwa kuwa hali nyama hiyo. Mayai hayo hutoka katika kinyesi cha binadamu mwenye tegu, yakafika kwenye mboga, maji na mikono. Choo safi, kunawa kwa sabuni na kuosha mboga mbichi ni kinga kwa kila mtu.

KISA CHA MAHENGE NA KITGUM

Kuna mfano wa karibu unaoonyesha vipimo hivi vinapotumika vizuri huleta faida gani. Katika miaka ya 1960, huko Mahenge mkoani Morogoro, daktari Louise Jilek-Aall aliyeanzisha kliniki ya kifafa aliona watoto ambao vichwa vyao vilikuwa vikiinama na kuinuka, kuinama na kuinuka, hasa wanapokula. Baadaye ugonjwa kama huo ulionekana Sudan Kusini na kaskazini mwa Uganda. Watu walisema mengi: watoto wanasinzia, wamerogwa, wamepandwa na pepo.

Kuanzia mwaka 2009 Wizara ya Afya ya Uganda na wataalamu kutoka Marekani walifanya uchunguzi katika wilaya ya Kitgum. Waliwafunga baadhi ya watoto nyaya za kupima ubongo na, wakati uleule, nyaya za kupima misuli ya shingo na mgongo. Mtoto alipoinamisha kichwa, mawimbi ya ubongo yalibadilika ghafla, na papo hapo umeme wa misuli ile ukakatika. Mtoto hakuwa anasinzia. Kilikuwa kifafa cha aina ambayo badala ya kukaza misuli huilegeza. Baada ya hapo wazazi wangeweza kuambiwa kwa uhakika kwamba mtoto huyu anahitaji dawa za kifafa. Chanzo cha ugonjwa wenyewe kinahusishwa na minyoo ya usubi, inayoenezwa na inzi wadogo wa kwenye mito iendayo kasi.

Msomaji utaona kwamba kipimo kile kilifaa kwa sababu kulikuwa na swali mahsusi, na kilifanywa tukio lilipokuwa likitokea.

KIPIMO CHA NEVA NA MISULI

Vipimo hivi viwili kwa kawaida hufanywa pamoja, kwa mtu mwenye ganzi, miguu kuwaka moto, mkono kukosa nguvu au misuli kunyauka.

(a) Kipimo cha neva. Hapa ndipo penye shoti ndogo. Daktari huigusa neva juu ya ngozi kwa umeme mdogo, kidole kinaruka, na mashine inapima umeme umechukua muda gani kufika. Neva nzima ya mkono husafirisha umeme kwa kasi ya kama mita 50 kwa sekunde au zaidi, yaani kilometa 180 kwa saa. Hakuna basi la Makumbusho linaloifikia. Kisukari, ukoma, kubanwa kwa neva kwenye kiwiko au kiganja, vyote vinaweza kuipunguza kasi hiyo au kuifanya ishara iwe dhaifu.

(b) Kipimo cha misuli (EMG). Sindano nyembamba sana huingizwa ndani ya msuli kusikiliza umeme wake, kwanza ukiwa umelegea na kisha ukiwa umekazwa. Inauma kidogo. Haitii dawa wala umeme. Hapo daktari hupambanua kama ubovu uko kwenye neva au kwenye msuli wenyewe. Sindano iwe mpya, na una haki ya kuona pakiti yake ikifunguliwa mbele yako. Ikiwa unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, au umewekewa betri ya moyo, sema kabla.

Lakini msomaji wangu wa Mlingotini, Kaole au Saadani usidhani kwamba bila mashine hizi hakuna linalowezekana. Kwa ukoma, tabibu wa zahanati hugusa baka lililopauka kwa pamba ukiwa umefumba macho, kisha hupapasa neva ya kwenye kiwiko kuona kama imevimba. Dawa ya ukoma ni bure, hutumika miezi 6 au 12, na ikiwahi huzuia ulemavu. Kwa mgonjwa wa kisukari, kukaguliwa nyayo kila anapokuja kliniki kunaweza kuokoa mguu.

Na mtoto wa chini ya miaka 15 aliyelegea mguu au mkono ghafla asisubiri kipimo cha umeme hata kidogo. Apelekwe siku hiyohiyo. Kipimo chake ni choo kubwa: sampuli mbili, zipishane angalau saa 24, ndani ya siku 14 tangu alegee, ili kutafuta kirusi cha polio. Mwaka 2022 polio ya asili iligunduliwa kwa jirani zetu Malawi na kisha Msumbiji, hivyo hili si jambo la zamani.

MAANDALIZI KABLA YA KWENDA

1. Osha nywele usiku wa kuamkia kipimo, na usipake mafuta. Fumua suko, toa nywele za bandia. Kwa kipimo cha neva usipake losheni mikononi wala miguuni.

2. Dada na mama zetu: kwa EEG itabidi kichwa kifunuliwe. Omba mapema mtaalamu wa kike, au angalau mlango ufungwe na mwenzako awepo. Uliza bila aibu, na usiache kwenda kwa sababu hiyo.

3. Kula kama kawaida, kwa sababu sukari ikishuka mawimbi ya ubongo hubadilika. Ikiwa ni Ramadhani, mwambie daktari. Kama si jambo la haraka kipimo kinaweza kupangwa baada ya Idi. Na mwenye kifafa anayetaka kufunga aonane na tabibu kabla ya mwezi kuandama ili apangiwe dawa za daku na futari, au aelezwe kama funga ni hatari kwake. Hukumu yake ya kisheria awaulize masheikh.

4. Endelea na dawa zako ila ukiambiwa vingine na daktari. Ziandike majina na uzichukue.

5. Ukiambiwa ulale kidogo usiku huo, usisafiri peke yako. Kutoka Bagamoyo hadi mjini ni kilometa zipatazo 70, na kukosa usingizi huchochea kifafa.

6. Nenda na mtu aliyeshuhudia ukianguka. Hili ni kubwa kuliko yote yaliyotangulia.

SHAHIDI NA SITARA

Imamu Bukhari na Imamu Muslim wamepokea kutoka kwa Ibn Abbas (Radhiya Allaahu anhuma) habari ya mwanamke aliyemjia Mtume (Swalla Allaahu alayhi wasallam) akilalamika kwamba huanguka na nguo zikamfunuka. Mtume alimpa hiari: asubiri na apate Pepo, au amuombee apone. Akachagua kusubiri, ila akaomba aombewe asifunuke. Mtume akamuombea.

Tuzingatie kwamba mama yule hakufukuzwa wala hakudharauliwa, na lililomuumiza zaidi lilikuwa kukosa sitara mbele za watu. Siku hizi kila mtu ana simu yenye kamera. Video fupi ya mgonjwa anapoanguka inaweza kumsaidia daktari kuliko karatasi tatu za EEG, kwa sababu ataona macho yalielekea wapi, mkono upi ulianza na muda uliopita. Lakini kwanza mlaze ubavu, ondoa vitu vya hatari, mfunike nguo, ndipo mwenzako arekodi. Mwonyeshe daktari, kisha ifute. Kuirusha katika makundi ya WhatsApp ni kumvua yule ambaye Mtume alimuombea sitara. Usimtie kijiko wala kidole mdomoni. Kifafa kikipita dakika tano, mkimbize hospitali.

Na wale wanaosema ni pepo, mimi siko hapa kubishana juu ya elimu ya ghaibu. Mashine hizi hazikutengenezwa kwa ajili hiyo. Ninachosema ni kwamba kisomo na vidonge havigombani. Msomee mgonjwa Qur-ani, na maji ya kumezea dawa yawe pembeni. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakitibiwa ipasavyo, na dawa za kuanzia hazihitaji EEG kwanza. Maelezo mazuri ya shahidi na tabibu anayesikiliza vinatosha kuanzia.

Yule kijana alirudishiwa vidonge. Haendi tena baharini kuvua. Anashona nyavu ufukweni na kuuza samaki wa wenzake, na mama yake huja naye kliniki kila mwezi. Nami tangu siku ile, mgonjwa akiniletea karatasi iliyoandikwa safi, humshukuru Allah pamoja naye, kisha namuuliza: "Vidonge viko wapi?" Nakuomba na wewe, kama nyumbani kwako kuna mwenye karatasi ya namna hiyo, ukimaliza kusoma umuulize swali hilo leo.

Wabillahi tawfiq.